Diski ya Baba Iliyokataa Kutoka

Nianze na sheria ya baba mdogo, kwa maana bila sheria hiyo nisingehangaika na kompyuta karibu miezi miwili nikijiuliza kama bado nina akili timamu.

Baba alipofariki, viti vya waombolezaji vikiwa bado vinapangwa, mdogo wake alisimama uani kwetu Mwala akatangaza kwamba kitu cha marehemu hakiguswi mpaka familia ikae. Si jembe, si mbuzi, si koti lililoning'inia nyuma ya mlango. Kila kitu kibaki kilipo. Siku ukoo utakapokaa, kila kitu kitatolewa mbele ya macho ya watu na kupewa mwenyewe mkono kwa mkono, na anayetoa kabla ya hapo ni mwizi, hata kama kitu chenyewe kingekuja kuwa chake. Hakuna aliyebisha. Tumelelewa hivyo, na mimi, pamoja na ualimu wangu na vyeti vyangu, sikuona kosa lolote.

Shida ilikuwa kompyuta. Mimi ndiye niliyemnunulia baba, mtumba, kasha jeusi kubwa na skrini yake, na ilikaa mezani sebuleni kwake. Wiki ya mazishi watoto wa wageni waliifanya mchezo, wakibonyeza vitufe na kumwaga soda. Nikamwomba baba mdogo niende nayo kwangu Machakos niihifadhi. Alifikiri muda mrefu akiitazama kama ng'ombe anayeuzwa.

"Nenda nayo vile iko," akasema. "Lakini usitoe kitu ndani."

"Na kuitumia?"

"Kutumia, tumia. Kutoa ndio hapana."

Sasa nieleze kilichokuwa ndani. Baba alikuwa mpima mvua wa kujitolea. Kipimamvua chake cha shaba kilisimama uani, kimezungushiwa miiba ili mbuzi wasikiangushe, na kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kutazama usiku umeacha nini. Akaandika kitabuni, na kila mwisho wa mwezi akapeleka hesabu hiyo ofisi ya serikali. Asubuhi nyingi huko kwetu hesabu ni sifuri, lakini sifuri nayo aliiandika kwa heshima zake zote. Uzeeni macho yakafifia na mikono ikaanza kutetemeka. Dada yangu, tuliyezaliwa naye sisi wawili tu, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na ndiye aliyemtunza baba miaka minne ya mwisho. Yeye ndiye aliyechomeka kipaza sauti kidogo kwenye kompyuta. Baba akawa anaketi pale kila asubuhi, anasema mvua ilikuwa kiasi gani, anaongeza neno moja au mawili juu ya siku, kisha dada anaandika kitabuni. Kwa hiyo diski ya ile kompyuta ilikuwa na sauti ya baba ya miaka minne, asubuhi moja baada ya nyingine, kila faili na tarehe yake.

Mimi sikuzifungua. Niseme ukweli, niliogopa. Mtu umemzika juzi, umeona udongo ukimfunika, halafu ubonyeze kitufe akusalimie? Nilipita juu ya lile folda macho yakiwa pembeni.

Lakini kompyuta nilikuwa naihitaji. Mimi huandaa mitihani, ya shule yetu na ya shule jirani mbili tatu, na ile diski ya baba ilikuwa nzito. Unawasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo inakuuliza neno la siri. Nikanunua diski mpya, zile nyembamba zisizozunguka, zinazowaka kufumba na kufumbua. Sheria ilisema nisitoe. Haikusema nisiongeze. Nilijiona mjanja sana.

Nilifungua kasha, nikaifunga mpya kando ya ile ya zamani, nikachomeka flashi yenye sistimu ya kuendesha kompyuta. Kwenye simu nilikuwa nimesoma maelezo ya mtu mmoja aliyesema, kabla ya kuweka sistimu mpya, chomoa kwanza diski ya zamani. Niliiona sentensi hiyo. Niliielewa. Hata nilishika waya wa diski ya baba, vidole vikiwa tayari kuvuta. Halafu nikamkumbuka baba mdogo na neno lake la wizi, nikajiuliza, kuchomoa si ndiko kutoa? Nikauachia waya. Nikaweka sistimu kwenye diski mpya huku ya baba ikiwa imechomekwa palepale, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ingawa sikulijua.

Kompyuta ikawaka vizuri sana. Jambo moja tu lilikuwa jipya. Kila nikiiwasha ilinionyesha ukurasa wa buluu na kuniuliza nataka kuingia kwenye sistimu ya zamani au mpya. Nachagua mpya, naendelea na kazi zangu. Sikujiuliza ni nani anayeniuliza swali hilo, na anauliza akiwa amekaa wapi.

Siku ya ukoo kukaa ilifika. Tulikaa uani Mwala tangu asubuhi, vikagawanywa vilivyogawanywa. Shamba lilikuja upande wangu, nyumba na mbuzi vikabaki na dada ili akae pale bila kusumbuliwa. Najua sheria ya nchi inasema nini juu ya mabinti na mashamba, msinisomee. Sikusema kitu siku ile, na hilo nalo nitalijibu siku yangu ikifika. Mwisho baba mdogo akamuuliza dada kama kuna kitu chochote anachokitaka mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Diski ya kompyuta," dada akasema.

"Hiyo ni nini?"

"Ni pale sauti ya baba iko."

Mzee mmoja akakohoa. Baba mdogo akaamua: kompyuta ni ya mwalimu kwa kuwa aliinunua, diski ni ya binti kwa kuwa sauti iliyo ndani aliiweka yeye. Niilete mwenyewe, nimpe mkononi, yeye akishuhudia. Mpaka hapo kikao hakijafungwa.

Tulipokuwa tunaondoka dada alinifuata mpaka kwenye ua wa miiba. "Mwalimu, zile za mvua umefungua?"

"Sijafungua."

"Usifungue. Leta tu vile ziko."

Niliudhika. Nilijiambia, ananiona mimi ni wa kuharibu vitu. Mtu aliyeniona nikimnunulia baba kompyuta, leo ananiwekea masharti. Nilirudi Machakos nimenuna njia nzima.

Jumanne iliyofuata nikachomoa diski ya baba, nikaifuta vumbi, nikaiweka juu ya meza tayari kwa safari. Nikawasha kompyuta niendelee na mtihani wa kidato cha pili. Skrini ikawa nyeusi. Kisha yakatokea maneno meupe ya Kizungu yakiniambia hakuna diski ya kuwashia, niweke diski kisha nibonyeze kitufe chochote. Nikabonyeza. Maneno yaleyale. Nikabonyeza vyote. Yakajipanga chini kwa chini mpaka yakajaza skrini.

Nikairudisha diski ya baba. Kompyuta ikawaka, ikaniuliza kwa adabu nataka ya zamani au mpya.

Nikaitoa. Nyeusi. Nikairudisha. Ikawaka.

Sikuelewa mbele wala nyuma. Nilidhani ni waya, nikanunua mwingine. Nilidhani ni vumbi, nikapuliza mpaka kizunguzungu kikanishika. Nikabadilisha matundu, diski mpya ikakaa kwa ile ya zamani. Nikaacha diski ya baba peke yake: ikawaka, polepole, kama mzee. Nikaacha mpya peke yake: nyeusi. Nikaweka zote mbili, nikaingia ndani, nikafungua ile mpya nione kama imeoza. Haikuoza. Sistimu yote imo, faili zangu zimo, mitihani yangu imo. Kila kitu kipo, na bado haiwezi kusimama bila ya mzee. Nilikaa kitini nikajiona mjinga, na mimi sipendi kujiona mjinga, wanafunzi wangu watakuambia.

Mke wangu ni muuguzi, mtu wa kucheka kwa sauti ya chini. Alisimama mlangoni na kikombe cha uji akinitazama nikitoa na kurudisha.

"Mzee amegoma kutoka," akasema.

"Usianze."

"Mimi nasema tu vile naona. Umempa kazi ya mitihani, ameipenda."

Nilimpigia dada nikamwambia kuna shida kidogo ya kiufundi, anivumilie. Akasema sawa. Nikampigia baba mdogo nikamweleza kwamba nikiitoa ile diski kompyuta inakufa, nikiirudisha inafufuka. Nilisikia kuku upande wake.

"Kijana yangu," akasema polepole, "mzee hajamaliza. Kuna neno amebakisha na wewe."

"Baba mdogo, ni mashine."

"Hata redio ni mashine na inaongea. Nimtume katekista aje aombe?"

Nikamwambia asimtume. Mke wangu aliposikia habari ya katekista kuombea kasha la kompyuta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ukweli ni kwamba maneno yale yalinikaa. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, lakini nilianza kuzima kompyuta kwa upole.

Wiki zikaenda. Mwanzoni dada alipiga simu kila Jumapili. "Bado haijatengenezeka?" Bado. "Basi ukimaliza mitihani utaniletea." Halafu akaacha kupiga. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Katika urithi wote wa baba yule mwanamke aliomba kitu kimoja kinachoingia kwenye mfuko wa koti, na mimi nilikuwa nakikalia.

"Si umpelekee tu," mke wangu akasema siku moja, safari hii bila utani. "Kompyuta ikae bila kuwaka. Itakufa kwani ilikuwa inapumua?"

"Na mitihani yangu yote iko ndani?"

"Kwa hivyo unataka shamba, unataka kompyuta, unataka na sauti ya mzee."

Nilikasirika, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Alikuwa amesema kweli. Ningeweza kuichomoa siku ileile ya kwanza, nikampelekea, halafu nikapambana na shida zangu polepole. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka vyote, na kwa sababu sikutaka kushindwa na kisanduku.

Siku ya pili yake nilibeba kasha hadi kwa fundi, mama mmoja wa makamo mwenye kibanda karibu na soko la Machakos, kati ya muuza viatu na kinyozi. Diski ya baba niliiacha nyumbani. Kuitembeza sokoni niliona ni kuidharau. Fundi akavaa miwani, akachomeka mambo yake, akatazama diski mpya kwa muda.

"Hii diski iko sawa," akasema. "Shida ni haina mahali pa kuwakia."

"Sistimu iko ndani. Nimeiona na macho yangu."

"Sistimu iko. Faili za kuwashia haziko."

"Zimeenda wapi?"

"Wewe ndio utaniambia. Siku uliweka sistimu, diski zilikuwa ngapi ndani?"

"Mbili."

"Na ile ya zamani haukuchomoa."

"Singeweza kuchomoa."

"Ilikuwa imekwama?"

Nikababaika. Nikaanza kumweleza habari ya baba, ya baba mdogo, ya ukoo kutokaa bado. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alivua miwani akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao.

"Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Baba yangu akienda, pikipiki yake ilikaa mwaka mzima na mafuta ndani. Lakini mwalimu, wacha nikuambie vile ulifanya. Sistimu ikiingia, kwanza inaangalia kama kuna mahali pa kuwashia tayari. Ikipata, haijisumbui kutengeneza ingine. Ilipata ya mzee. Kwa hivyo nyumba umejenga kwa shamba yako, lakini mlango ukaweka kwa shamba ya mzee. Ukiondoa shamba ya mzee utaingilia wapi?"

Karibu miezi miwili nilikuwa nakizunguka kitu hicho, na mama huyu alikimaliza kabla muuza viatu hajafunga kamba. Nilifurahi na nikaona aibu kwa wakati mmoja, sijui kipi kilitangulia.

Alijitolea kunitengenezea palepale. Nikakataa. Kosa nililifanya mwenyewe na nilitaka kulirekebisha mwenyewe, huo ndio ukaidi wangu, mke wangu anaufahamu. Fundi akachana kipande cha katoni, akaniandikia hatua moja baada ya nyingine. Niwashe kwa flashi ya kuwekea sistimu. Nifungue dirisha jeusi la amri. Nichague diski mpya, nikate kipande kidogo pembeni, nikifomati, yaani nikifute kiwe kitupu, kisha niandike mstari mmoja wa kunakili faili za kuwashia ziingie pale.

"Na usikie vizuri," akasema, akinigonga mkono na kalamu. "Ya mzee itoke kabisa kabla hujaanza. Ikae mbali. Hapo kwa kufomati ukichagua ile sio, usinitafute. Hakuna mtu atakurudishia hiyo sauti."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilikaa mbele ya mashine. Mke wangu akakaa kando yangu na kile kipande cha katoni, akisoma, mimi nikiandika. Dirisha jeusi likafunguka. Nikaandika amri ya kuorodhesha diski, zikajipanga: sifuri, moja, mbili. Sifuri na moja zilikuwa na ukubwa uleule, sawasawa kabisa.

"Soma," nikamwambia.

"Chagua sifuri." Akainamia skrini. "Kwani ziko tatu?"

"Moja ni flashi."

"Flashi moja, mpya moja. Ya tatu ni gani?"

Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kibodi, sifuri nimeshaiandika, nimebakiza kubonyeza tu. Ijumaa nilikuwa na karatasi ya haraka ya kupiga chapa, nikairudisha diski ya baba ili kompyuta iwake. Sikuitoa. Ilikuwa mle ndani, na sikuwa na njia ya kujua kati ya sifuri na moja ipi ni yangu na ipi ni ya baba. Niliuvuta waya wa umeme ukutani bila hata kuzima.

Nilifungua kasha, nikaitoa diski ya baba kwa mikono miwili, na mke wangu akaipokea, akaifunga kwenye leso yake, akaenda kuiweka kabatini chini ya mashuka. Nilimsikia akizungusha ufunguo. Alirudi akakaa, akaokota katoni.

"Haya. Mwanzo," akasema.

Safari hii zilikuwa mbili tu, na flashi ilijulikana kwa udogo wake. Nikachagua, nikakata kipande, nikafomati. Mstari wa mwisho ukagoma. Nikaandika tena, ukagoma tena, nikaanza kutoa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa siku ya Jumapili. Kumbe ukiwasha kwa flashi zile herufi zinazotaja diski huhama, ile niliyozoea kuiita C ilikuwa imekuwa D. Nilikuwa namtafuta mtu kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Nikabadilisha herufi moja. Mashine ikanijibu kwa sentensi fupi kwamba faili zimeundwa.

Nikachomoa flashi, nikawasha. Haikuuliza ya zamani wala mpya. Ikawaka moja kwa moja, ikaonyesha mitihani yangu. Nikaizima nikaiwasha mara tatu, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kudanganywa. Kisha nikampigia dada nikamwambia nakuja kesho, shule ziko kwa mapumziko mafupi. Akasema sawa, kwa sauti ileile.

Nilinunua kikasha kidogo chenye waya ili diski iweze kuchomekwa kwenye laputopu yake, ile anayotumia kuandika kumbukumbu za kikundi cha akina mama. Nilifika Mwala kabla ya adhuhuri. Baba mdogo alikuwa ameshakaa kwenye kiti chini ya ukuta, amevaa koti kama la harusi. Nikampa dada diski mkono kwa mkono, na baba mdogo akasema tumeona, kikao kimefungwa. Hakuniuliza habari ya mzee kugoma, wala sikumweleza habari ya faili za kuwashia. Alikula muthokoi wa mahindi na maharage, akanywa chai, akashika njia yake.

Tukabaki wawili sebuleni, na meza ya kompyuta iko wazi, ina alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Asante," dada akasema. Aliishika ile diski mapajani kwa mikono yote miwili.

"Wacha nione kama inafunguka."

"Itafunguka. Wacha tu, nitaangalia mwenyewe."

"Dakika moja. Nimehangaika nayo, siwezi kukuachia kitu kibovu."

"Mwalimu, wacha."

Sikuacha. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetengeneza kitu, nilitaka aone. Na kwa ajili ya kiburi hicho woga wangu wote wa sauti ya aliyezikwa ulikuwa umenitoka. Nikavuta laputopu, nikachomeka, folda likatokea, faili chini kwa chini. Nikabonyeza moja ya katikati bila kuchagua.

Jogoo aliwika. Kiti kikalia. Baba akakohoa, karibu kabisa, kana kwamba yuko nyuma ya pazia.

"Habari ya asubuhi. Mvua hakuna. Upepo ni wa mashariki. Ile mbuzi nyeusi imezaa. Mwalimu alisema anakuja leo."

Ikaisha. Nilimtazama dada, naye akatazama sakafu. Nikafungua iliyofuata.

"Habari ya asubuhi. Mvua hakuna. Mwalimu hakufika jana. Ni mitihani, hao watu wako na kazi nyingi."

Nikashuka chini, mbali, nikafungua nyingine. Milimita nne, barabara itakuwa na matope, basi asihangaike kuja. Nikafungua nyingine. Mvua hakuna, mwalimu amepiga simu, amesema mwisho wa mwezi. Kutoka Machakos hadi Mwala si safari. Nilitaka kukumbuka siku hizo nilikuwa nafanya nini, na sikukumbuka hata moja.

"Ziko nyingi hivyo?" nikauliza.

"Ziko."

"Ndiyo maana ukasema nisifungue."

"Ndio maana niliomba mimi ndio nikae nayo," dada akasema. "Sikutaka usikie hizo peke yako huko Machakos. Mimi nilikuwa hapa, nilishazizoea."

Nilikuwa nimemdhania ananiona mharibifu. Nikabonyeza nyingine, kwa sababu mkono ulitaka kufanya kitu, na hii ilikuwa na sauti mbili. Baba alisema mvua hakuna, alisema siku ya tatu sasa mwalimu anangojwa. Kisha ikasikika kalamu ikiwekwa mezani na sauti ya dada, changa kuliko ilivyo leo, imechoka.

"Baba, hiyo pia niandike kwa kitabu? Kwamba hakukuja?"

"Hapana," baba akasema. "Hicho kitabu ni cha mvua."

Dada akanyoosha mkono afunge laputopu. Nikamwambia aache iendelee.